UZI: Jengo likae kwanza, ndipo livae (kujenga upya kwenye mandhari ya mashambani inayolindwa)

Mchora Ramani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali moja linarudi kila mara kwa sura tofauti: "Nina kiwanja ndani ya eneo la mashambani linalolindwa, nipake rangi gani, niezeke nini, ili jengo lifanane na mahali?" Majibu hukimbilia mawe ya asili, nyasi na rangi ya udongo. Nimechora majengo ya namna hii kwa miaka mingi, na nina hoja moja ninayotaka kuitetea hapa mpaka mwisho. Jengo hukaa kabla ya kuvaa. Likikaa vibaya, hakuna vazi litakalolisitiri. Likikaa vizuri, hata bati linapita.

Tuelewane kwanza tunazungumzia ardhi gani. Sizungumzii pori ambalo binadamu haruhusiwi kulala ndani yake. Katika mafungu ya maeneo ya hifadhi ya IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, fungu la tano ni la mandhari ambayo uzuri wake umetokana na watu na ardhi kuishi pamoja kwa muda mrefu. UNESCO nayo ilianza mwaka 1992 kuzitambua mandhari za kitamaduni kama urithi wa dunia. Humo yamo matuta ya mpunga ya Ifugao nchini Ufilipino (1995), mashamba ya mizabibu ya Lavaux nchini Uswisi (2007) na matuta ya mawe ya Konso nchini Ethiopia (2011). Ukimwondoa mkulima pale, kuta za matuta zitabomoka na hutabaki na cha kulinda. Kwa hiyo "msijenge chochote" si jibu. Watu wanazaa, mifugo inahitaji kivuli, mavuno yanahitaji ghala. Swali ni jengo jipya likae wapi na vipi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nyumba yangu ya kwanza katika eneo la aina hii niliivalisha vizuri kuliko zote nilizochora baadaye. Mawe yalitoka pale pale, vigae vya udongo vilifanana na udongo wa kiwanja, madirisha madogo ya mbao. Mwenyewe alitaka kuliona bonde lote, nami nikaiweka juu kabisa, mgongoni mwa kilima. Ukisimama mlangoni ungeisifu. Ilipokwisha nilivuka bonde, nikapanda upande wa pili, kama kilomita tatu hivi, nikageuka kutazama. Mstari wa kilima, uliokuwa umelala bila mkwaruzo tangu enzi, sasa ulikuwa na kibonge cheusi katikati. Kwa umbali ule hakuna anayeona jiwe. Huoni kigae wala mbao. Unaona umbo likikata anga, basi. Kazi yote ya waashi ilikuwa imefutwa na uamuzi nilioufanya kwa dakika kumi siku ya kwanza, tulipokuwa tunachomeka vigingi.

Tangu siku hiyo, kabla sijachora mstari hata mmoja, naondoka kwenye kiwanja. Naenda kule ambako watu watasimama kukitazama: njia za miguu, daraja, kilima cha jirani, barabara inapokata kona. Natafuta pale chini ya mgongo ambapo jengo litakuwa na ardhi nyuma yake na si anga. Natazama majengo ya zamani yamekwepa wapi. Mara nyingi utakuta wazee walikikwepa kilele kwa sababu ya upepo na kulikwepa bonde kwa sababu ya maji na ubaridi unaotuama usiku. Walikaa kwenye kiuno cha kilima, mgongo wameupa upepo, karibu na mti au ukuta wa shamba. Hawakuwa wanatafuta uzuri. Uzuri ulikuja kwa kuwa waliitii ardhi.

Nitaendelea hapo chini kuhusu mteremko na barabara.

Mchora Ramani

Mteremko. Hapa ndipo majengo mengi mapya huharibika, na uharibifu hutoka kwenye ramani iliyochorwa kwa ajili ya ardhi tambarare.

Fanyeni hesabu hii ndogo. Mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 5 si mkali sana, watu wanalima juu yake bila taabu. Weka juu yake nyumba yenye kina cha mita 15 kutoka mbele hadi nyuma. Tofauti ya kimo kati ya mbele na nyuma ni mita 3. Ili upate sakafu moja, utakata kilima nyuma, utamwaga kifusi mbele, utajenga ukuta mrefu wa kuzuia udongo, na nyumba itaonekana imewekwa juu ya meza. Sasa chukua ukubwa ule ule, uunyooshe uwe mwembamba, kina cha mita 6, uulaze sambamba na mistari ya mwinuko, yaani ile inayopita kwenye kimo kimoja ubavuni mwa kilima. Tofauti inashuka hadi mita 1.2. Hiyo unaimaliza kwa ngazi chache ndani, au kwa msingi uliopanda kidogo upande mmoja. Kilima hakijaguswa sana, maji ya mvua yanaendelea kupita njia zake, na kwa mbali jengo linasomeka kama mstari mmoja zaidi kati ya mistari ya mashamba.

Nyumba nyingi za kale za mashambani ni nyembamba na ndefu. Sababu mojawapo ni urefu wa boriti: mti ulikuwa na kikomo, hivyo chumba kilikuwa na kikomo. Waliotaka nafasi zaidi waliongeza chumba kwa urefu, au jengo la pili pembeni, na ua ukazaliwa katikati. Siku hizi chuma kinavuka upana wowote, na ndiyo maana tunachora masanduku manene. Yanawezekana, lakini kilima hakiyataki.

Halafu barabara ya kuingilia. Wakuu, nimeona nyumba nzuri, iliyojificha vizuri, lakini njia yake imepanda kilima wima kama kovu la upasuaji, na huko juu kuna uwanja wa kugeuzia malori mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Njia ifuate mistari ya mwinuko, ipite kando ya mpaka wa shamba au safu ya miti iliyopo, iwe nyembamba kadiri usalama unavyoruhusu. Mistari miwili ya mawe ya magurudumu na nyasi katikati inatosha kwa nyumba moja. Kama kiwanja hakiwezi kufikiwa bila kukichana kilima, tafuta pengine pa kujenga.

Fundi Kenchi

Mkuu umenena. Mimi ni mtu wa mapaa, niruhusu niongeze, maana paa ndilo linaloonekana kwanza ukiwa juu ya kilima kingine.

Watu hudhani mwinamo wa paa ni mapenzi ya msanifu. Asili yake ni kifaa. Nyasi zinataka nyuzi 45 mpaka 50 au zaidi, vinginevyo maji yanatuama na zinaoza. Vigae bapa vya udongo vinataka nyuzi 35 kwenda juu. Sleti, yaani vigae vya mawe membamba, inaweza kushuka kwenye 25 hivi. Bati linakwenda hata chini ya nyuzi 10. Ukienda Shirakawa-go kule Japani, kijiji kilichoorodheshwa na UNESCO mwaka 1995, mapaa ya nyasi yamesimama mpaka karibu nyuzi 60 ili theluji ishuke, na nyumba zimepangwa uelekeo mmoja: ncha zinatazama upepo unaopita bondeni, mabega mawili ya paa yanatazama mashariki na magharibi yapate jua. Kijiji kizima kinaonekana kimetulia kwa sababu kila nyumba inajibu swali moja.

Sasa anakuja mtu anaambiwa "fuata sura ya majengo ya asili." Anachukua bati, analisimamisha nyuzi 50 liige nyasi. Kenchi zinakuwa ndefu, mbao zinaisha bila kazi, na bati linakuwa kioo kikubwa kinachotazama bonde. Heri angelilaza chini, upenu ukatoka nje ukaleta kivuli ukutani.

Jicho la Bonde

Samahani kaka, hapa mimi nina wasiwasi. Mnasema kama vile vifaa havina maana. Ninaishi ndani ya eneo linalolindwa. Kila nyumba mpya iliyoleta "usasa wa kisanifu" imeumiza macho yetu, na zile zilizoiga za zamani angalau hazipigi kelele. Kwa nini tusiseme tu: igeni zilizopo, mjadala uishe?

Mchora Ramani

Dada, wasiwasi wako ni wa haki, na sitaki kuupita haraka.

Kuiga kuna heshima ndani yake. Lakini angalia kinachoigwa. Mara nyingi ni ngozi: vipande vyembamba vya mawe vimebandikwa juu ya tofali, boriti za uongo zinachungulia nje ya ukuta, dohani ambayo haijawahi kupitisha moshi. Ndani yake kuna nyumba nene ya kina cha mita 14, gereji ya magari mawili, na paa lililovimba ili lifunike upana ule. Mtu mzima akivaa nguo ya mtoto hageuki mtoto. Nyumba ya kale ilikuwa ndogo, na udogo ndio uliofanya mandhari ibaki kubwa.

Nitakupa mifano miwili ambako waliiga tabia badala ya ngozi.

Sea Ranch, pwani ya California, kaskazini mwa San Francisco. Palikuwa shamba la kondoo lenye upepo mkali wa bahari na safu za misipresi zilizopandwa kuuvunja upepo. Mbunifu wa mandhari Lawrence Halprin alianza kwa kuusoma upepo na ardhi. Wasanifu wa kampuni ya MLTW wakajenga nyumba za kwanza za pamoja zilizokamilika mwaka 1965. Wazo lilikuwa nyumba zijibane pamoja, au zijipange kando ya safu za miti, na malisho katikati yaachwe wazi kwa wote. Mapaa yaliinamishwa ili upepo upande juu yake, upenu haukutokeza usije ukadakwa na upepo, na mbao hazikupakwa rangi, zikaachwa zigeuke kijivu kwa jua na chumvi. Hazikuiga nyumba yoyote ya zamani, ila ukiona maghala ya mbao ya upande ule utaona undugu. Miongo iliyofuata nyumba zikaanza kutawanywa mpaka kwenye malisho, mbao zile zile, rangi ile ile, na mahali pakapungua. Ngozi ilibaki, ukaaji ulibadilika. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko hotuba yoyote.

Wa pili ni Vrin, kijiji cha milimani Uswisi. Msanifu Gion Caminada, mzaliwa wa hapo, alijenga mazizi mapya, machinjio na nyumba kwa ufundi wa magogo yanayofungana pembeni, ule ule wa nyumba za kijiji. Hakutengeneza sanamu za kale: madirisha ni ya leo, vipimo ni vya leo. Mazizi yaliwekwa kwenye ukingo wa kijiji, yamekaa pamoja kwenye mteremko, ili ng'ombe wabaki na kijiji kibaki na kazi. Kijiji kilipewa tuzo ya Wakker, ya Uswisi ya kutunza sura ya miji na vijiji, mwaka 1998. Vifaa vina maana kubwa pale, dada yangu, kwa sababu vinabeba ufundi na ajira ya watu wa hapo. Hilo nalikubali kwa moyo wote. Ninachokataa ni kuvifanya kitambaa cha kufunikia kosa la ukaaji.

Mfugaji

Naona mnazungumza nyumba, nyumba. Kwetu sisi jengo kubwa ni banda la mifugo na ghala la majani makavu. Sheria za afya ya mifugo, ukubwa wa trekta, vyote vinadai jengo pana. Tukipeleka ramani tunaambiwa "linavunja mandhari." Bila banda nitauza ng'ombe, na bila ng'ombe hayo malisho mnayoyapiga picha yatakuwa kichaka ndani ya miaka michache. Mnatusaidiaje?

Mchora Ramani

Mzee wangu, hili ndilo swali zito kuliko yote kwenye uzi, na ni aibu kwamba sisi wachoraji tunalipatia muda mfupi.

Hesabu tena. Banda la upana wa mita 30 chini ya paa moja lenye mwinamo wa nyuzi 15: kofia ya paa, yaani ukingo wake wa juu kabisa, inapanda mita 4 juu ya kuta. Ligawe mapaa mawili ya mita 15 yaliyokaa ubavu kwa ubavu, kila kofia inapanda mita 2 tu. Eneo la ndani ni lile lile, trekta inapita ile ile, lakini kwa mbali umepunguza mlima wa pili uliokuwa unashindana na mlima wa kweli. Kama ardhi inashuka, paa la pili likae chini kidogo ya la kwanza.

Paa liwe jeusi-jeusi kuliko kuta, lisilong'aa. Kuta za mbao zilizoachiana nafasi zinapitisha hewa kwa mifugo na zinavunja ukubwa kwa kivuli. Liweke karibu na majengo uliyonayo, si peke yake katikati ya malisho. Na udongo unaouchimba usiusukume ukawa tuta la ghafla. Utandaze mpaka ukutane na mteremko wa asili bila mtu kujua ulianzia wapi.

Fundi Kenchi

Tahadhari kwa mzee: mapaa mawili yanaacha mfereji katikati. Huo mfereji uwe mpana, mtu aweze kutembea ndani yake kusafisha, na maji yake yapewe njia ya dharura mabomba yakiziba. Wengi wanaubana, mwaka wa pili banda linavuja katikati ya majani makavu.

Mwanafunzi wa Ujenzi

Wakuu, nimejifunza mengi. Naomba kuuliza kuhusu rangi. Tuliambiwa darasani kijani ndiyo inayojificha shambani. Ni kweli?

Mchora Ramani

Mara chache sana. Kijani cha mimea si rangi moja. Ni majani elfu yenye kivuli kati yao, na hubadilika kwa msimu. Kijani cha rangi ya kopo kimekaa bapa, mwaka mzima ni kile kile, na nyasi zikikauka kinapiga kelele. Kwa umbali, jicho hukamata kwanza weupe na weusi, rangi yenyewe baadaye. Kwa hiyo usiulize "ni kijani au kahawia?", uliza "ni nyeupe kuliko kinachoizunguka?" Kitu kilichokoza kidogo kuliko ardhi yake hurudi nyuma, kilichopauka husogea mbele. Kuna bonde nililolijua ambamo tenki moja jeupe la maji lilionekana kabla ya kijiji kizima.

Mfaransa Jean-Philippe Lenclos aliufanya uchunguzi huu kuwa kazi ya maisha: kukusanya udongo, vipande vya lipu, mawe na majani ya mahali, kisha kupata rangi kutoka humo. Fanya vivyo hivyo. Beba vibao ulivyopaka, viegemeze kwenye kiwanja, rudi nyuma hatua mia mbili, tazama asubuhi, mchana na siku ya mawingu. Kadi ndogo ya dukani mkononi haitakuambia lolote.

Lakini kumbuka kuna majengo meupe ambayo ni sehemu halali ya mandhari yao, kwa kuwa chokaa ndiyo iliyokuwa lipu ya pale kwa karne nyingi. Palipo na mazoea hayo, weupe ni lugha ya nyumbani. Kanuni ya kukoza si amri ya kila mahali.

Mlinzi wa Njia

Na usiku je? Kila mtu anafikiria mchana. Ninakofanya kazi, ukuta mmoja wa vioo unaweza kuonekana kama taa ya meli.

Mchora Ramani

Ahsante sana kwa hili. Kioo kina makosa mawili: mchana kinarudisha jua, usiku kinamwaga taa. Kirudishe ndani chini ya upenu mpana kikae kivulini, kigawe vipande, na usikielekeze upande ambao bonde zima linakutazama. Taa za nje ziwe na kofia, zimwage mwanga chini tu, ziwake mtu anapopita na kuzimika, na mwanga uwe wa manjano, kelvini 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga) au chini yake. Giza limekwishakuwa kitu cha kulindwa: Exmoor, Uingereza, ilitambuliwa mwaka 2011 kuwa hifadhi ya kwanza ya anga la giza (Dark Sky Reserve) barani Ulaya, na NamibRand nchini Namibia ikafuata mwaka 2012 kwa Afrika.

Jicho la Bonde

Nimekuelewa zaidi kaka, na kuhusu Sea Ranch umenigusa. Jambo moja bado. Kwenye vikao tunaonyeshwa picha za kompyuta ambamo nyumba imezungukwa na miti mirefu. Nyumba ikijengwa, miti haipo. Na hata ikipandwa, inakuwa ukuta wa misonobari ya kigeni unaoonekana kuliko nyumba. Mwananchi wa kawaida atajuaje kitakachosimama pale?

Mchora Ramani

Kwanza, mti usiwe sharti la jengo kukubalika. Jengo likubalike likiwa uchi, halafu panda miti ya asili ya pale, kwa vichaka na mistari inayoendeleza ile iliyopo, kwa ajili ya kivuli na ndege. Jengo linalohitaji kufichwa limekaa mahali pasipo pake.

Kuhusu kujua: Uswisi wana desturi ya kisheria ninayoipenda kuliko programu yoyote. Kabla ya kibali, mwenye kujenga husimamisha fito kwenye kiwanja zinazoonyesha pembe, kimo na mwinamo wa paa la jengo litakalokuja. Fito zinakaa wazi kwa muda wa pingamizi. Bibi anayepeleka mbuzi, mtoto wa shule, mwenye gari, wote wanaona. Hakuna lenzi ya kudanganya umbali.

Hata sheria yenu isipodai, dai ninyi. Mimi huwa nazisimamisha mwenyewe, kwa wiki mbili. Kazi yangu moja ilihamishwa mita 40 kuteremka kwa sababu ya fito tu: mwenye kiwanja alivuka bonde nami, akaona ncha ya fito moja ikitoboa anga, akasema hapana kabla sijafungua mdomo. Alipoteza sehemu ya mandhari aliyotaka dirishani. Akapata mti mkubwa pembeni ya ukumbi na utulivu kutoka kwenye upepo, na hajalalamika.

Jicho la Bonde

Hilo naliweza. Kuna ombi la nyumba juu ya njia ya mto, kikao ni mwisho wa mwezi. Nitamwomba mwombaji turuhusiwe kusimamisha fito, na kama hana watu, vijana wetu watazikata. Zinatakiwa ngapi?

Mchora Ramani

Kwa jengo la mstatili, nne za pembe, zikatwe kwa kimo cha kuta, na mbili za kofia ya paa. Kamba izunguke juu ya zile nne, kisha ipande mpaka kwenye zile mbili ili mwinamo usomeke. Vimo mvichukue kutoka kwenye ramani iliyopelekwa kuombea kibali, na mpimaji awasaidie kupata usawa wa sakafu, maana kukosea nusu mita hapo kunaharibu zoezi zima. Mwombaji awepo siku ya kusimamisha, msimfanye adui. Pigeni picha kutoka njia ya mto na kutoka upande wa pili wa bonde, asubuhi na jioni. Na kamba iwe nyekundu, nyeupe hupotea angani.